Fungu la Mbia Aliye Masomoni

Ubia mdogo unaoanza sambamba na maandalizi ya masomo huwa na fungu moja lisiloandikwa popote: muda wa yule anayejiandaa. Mafundi wawili wa kushona wanapanga fremu, wanachanga kodi ya miezi sita, wananunua cherehani mbili na meza moja ya kukatia, kisha mmoja wao anaanza kujiandaa kwa kozi ya ushonaji katika chuo cha ufundi. Kozi yenyewe bado. Lakini asubuhi kadhaa zimeshakwenda katika kufuatilia fomu, jioni zinakwenda katika kurudia hesabu za sehemu na vipimo zilizoachwa shule ya msingi, na kwenye kaunta buku la duka, katikati ya majina ya wateja na advansi walizotoa, kuna mstari usio wa mteja yeyote: nauli ya chuo. Mwenzake anaendelea kukanyaga cherehani. Mwisho wa mwezi pato linagawanywa. Nani apate nini ni suala la hesabu, lakini hesabu hiyo haifungi mpaka lijibiwe swali la kale ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelihangaikia sana: je, kujifunza ni kazi? Na kama ni kazi, ni ya anayejifunza peke yake, au ya wote wawili?

Ugumu unatokana na kwamba ubia, katika sheria nyingi za dini na za dola, umejengwa juu ya mambo yanayoonekana. Kuna mtaji, ambao unahesabika. Kuna jasho: gauni limeshonwa au halijashonwa. Kuna dhamana, yaani nani ataulizwa mteja akija kudai kitambaa chake kilichoungua kwa pasi. Kujifunza hakuingii sawasawa katika lolote kati ya hayo. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya 1890 ilikata shauri kwa ufupi: wasipopatana vingine, wabia hugawana faida sawa kwa sawa, na hakuna mbia mwenye haki ya ujira kwa kufanya kazi ya ubia. Kwa kanuni hiyo aliyeshinda kwenye cherehani na aliyeshinda akisoma wanapata sawa, na aliyeshona hana la kudai mahakamani. Kwa hakimu ni kanuni nyepesi. Kwa wabia wenyewe ni nzito, maana inanyamaza palepale watu wanapoanza kununiana.

Wanazuoni wa Kiyahudi walilitazama jambo hili kama ubia kamili. Katika baraka za Musa kwa makabila ya Israeli, karibu na mwisho wa Kumbukumbu la Torati, Zabuloni anatajwa kabla ya Isakari ingawa Isakari ndiye mkubwa kwa kuzaliwa. Marabi walijiuliza kwa nini mdogo atangulizwe. Wakajibu kwamba Zabuloni alikuwa mtu wa safari na biashara, Isakari alikuwa mtu wa kukaa na Torati, na chakula cha Isakari kilitoka katika faida ya Zabuloni. Asingetoka mmoja, mwingine asingeweza kukaa; ndiyo maana mfanyabiashara akatangulia. Katika ufafanuzi huo mali na thawabu vinatiwa kapu moja, kisha vinagawanywa.

Talmud ya Babeli, katika kitabu cha Sota, ina kisa kinachoonekana kwenda kinyume. Hillel na Shebna walikuwa ndugu. Hillel alisoma katika ufukara, Shebna akafanya biashara. Baada ya muda Shebna akamwendea nduguye kumtaka waunganishe walivyo navyo na kugawana. Sauti ikatoka mbinguni kukataa. Wafafanuzi wameona kwamba tofauti ya visa hivi viwili ni ya wakati. Zabuloni aliingia mapema, elimu ikiwa haijapatikana na hasara ikiwa bado inawezekana. Shebna alikuja mavuno yakiwa ghalani. Moshe Isserles wa Krakow, katika maelezo yake juu ya Shulhan Arukh, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi, karne ya 16, aliliweka jambo hili kisheria: mtu anaweza kupatana na mwenziwe kwamba huyu atasoma na yule atampa riziki, kisha wagawane thawabu, lakini aliyekwisha kusoma hawezi kuuza fungu la masomo yake kwa fedha.

Kanuni hiyo ina akili ya kibiashara kuliko inavyodhaniwa. Zabuloni ananunua mashaka. Mbia anayekubali, kabla hata fomu haijajazwa, kwamba siku zake za kushona zitawalisha wawili, amebeba uwezekano kwamba mwenzake atafeli, ataolewa mkoa mwingine, au atamaliza kozi na kuajiriwa kiwandani. Anayekuja kudai fungu siku cheti kimeshatundikwa ukutani hakubeba chochote. Kwa hiyo kimya cha miezi ya mwanzo, ambacho watu hukiona ni adabu ("tutaongea mambo yakikaa sawa"), ndicho kinachomgeuza Zabuloni kuwa Shebna bila mwenyewe kujua.

Mtu aliyeuishi ubia wa namna hii ni Musa bin Maimun, Maimonides, mwanafalsafa na mwanasheria aliyefariki Misri mwaka 1204. Miaka aliyokuwa akisoma na kuandika, mdogo wake Daudi ndiye aliyekuwa sokoni, akifanya biashara ya vito. Kati ya karatasi zilizohifadhiwa katika sinagogi la Kairo ya kale imebaki barua ambayo Daudi aliiandika akiwa Aidhab, bandari ya Bahari ya Shamu. Alikuwa amevuka jangwa akiwa ametengana na msafara, akafika pwani akakuta hakuna bidhaa ya maana ya kununua isipokuwa nili. Akaona kuliko taabu yote ile iende bure, heri apande chombo aende India. Barua inajaribu kumtuliza kaka yake. Daudi alizama katika Bahari ya Hindi, na fedha zake, za kaka yake na za watu wengine zikazama naye. Nyuma akaacha mjane na binti mdogo. Maimonides aliandika miaka mingi baadaye kwamba habari ile ilimlaza kitandani kwa muda wa karibu mwaka mzima. Riziki yake ya baadaye ilitoka katika utabibu.

Mtu huyohuyo, katika kitabu chake kikubwa cha sheria, alimkemea vikali anayeamua kushika Torati, asifanye kazi, na kuishi kwa sadaka. Wapo wanaoona kwamba anajipinga, kwa kuwa naye alilishwa na mdogo wake. Lakini fedha zilizozama zilikuwa zake pia. Alichokikataza ni kuombaomba kwa jina la elimu, na ubia wa ndugu wawili wenye mtaji mmoja hauko katika fungu hilo. Habari ya Daudi inafunua pia upande ambao mfano wa Isakari na Zabuloni unauficha: anayesoma hayuko salama kuliko anayefanya biashara. Chombo kikizama, wote wawili wamezama, na aliyebaki nchi kavu ndiye atakayelea yatima.

Katika Ukristo, wahubiri hupenda kukimbilia kwa Martha na Mariamu: mmoja na pilikapilika za kuhudumu, mwingine miguuni pa mwalimu, na lalamiko la Martha kwamba ameachiwa kazi peke yake. Kisa hicho hakimfikishi mbali mtu mwenye fremu, kwa sababu dada hao wawili hawatajwi kuwa na mapatano yoyote ya kazi. Chenye manufaa zaidi kimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Akila na mkewe Priskila waliondoka Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakafika Korintho na ufundi wao wa kushona mahema. Paulo, fundi wa kazi hiyohiyo, akakaa kwao wakafanya kazi pamoja. Baadaye walikuwa Efeso, na alipotokea Apolo, msemaji hodari ambaye elimu yake ilikuwa na pengo, Akila na Priskila ndio waliomchukua na kumfafanulia zaidi. Mwenye ufasaha akafundishwa na washona mahema.

Huko Efeso Paulo alifundisha kwa miaka miwili katika darasa la mtu aliyeitwa Tirano. Baadhi ya nakala za kale za Matendo huongeza kwamba alikuwa akifundisha kuanzia saa tano hadi saa kumi, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuzigeuza saa hizo, maana zinahesabiwa tangu jua kuchomoza kama anavyohesabu yeye. Ni saa za joto, watu wameshaweka vyombo chini. Na katika sura ya 20 Paulo anawakumbusha wazee wa Efeso kwamba mikono yake ndiyo iliyompatia mahitaji yeye na waliokuwa naye. Habari hizo mbili zikiwekwa pamoja, ratiba inaonekana: kazi asubuhi, darasa wakati wengine wamelala. Elimu haikumla mtu mwingine muda wake; ilimla Paulo usingizi. Wabia wengi wadogo hulifikia suluhisho hilo bila kufungua Matendo, kwa kuamua tu kwamba kusoma ni usiku. Uchovu hauna safu kwenye kaunta buku, lakini kesho yake unaonekana kwenye mshono.

Katika Uislamu mashtaka yenyewe yamehifadhiwa. Imam Tirmidhi, katika mkusanyo wake wa Hadithi, amepokea kutoka kwa sahaba Anas kisa cha ndugu wawili wa zama za Mtume: mmoja alikuwa akihudhuria kwa Mtume, mwingine akifanya kazi ya mikono. Yule wa kazi akaenda kumshtaki nduguye. Akajibiwa kwamba huenda yeye anaruzukiwa kwa sababu ya huyo nduguye. Neno la kuzingatia ni hilo "huenda". Jibu halikutaja nusu wala theluthi, na halikusema kwamba kazi ya mikono ni duni. Lilimtikisa mshtaki katika jambo aliloliona ni dhahiri, yaani kwamba yeye ndiye anayelisha. Katika fremu ya ushonaji jambo hilo lina sura ya kawaida kabisa: mteja aliyeleta sare za kwaya nzima huenda alivutwa na kusikia kwamba mmoja wa mafundi anakwenda chuo. Huenda. Hakuna anayeweza kulithibitisha, na kisa hiki kinaliacha hivyohivyo.

Kisa kingine kimo katika Sahihi ya Bukhari, kwenye kitabu cha elimu. Umar bin al-Khattab alikuwa na jirani yake Mwansari katika vitongoji vya juu vya Madina, na walipokezana kushuka kwa Mtume, leo huyu, kesho yule. Aliyeshuka alirudi na habari za siku, wahyi na mengineyo, akamweleza aliyebaki. Bukhari aliipa mlango wake jina la kupokezana katika elimu, na wafafanuzi waliona humo ruhusa ya mtafuta elimu kuangalia pia maisha yake. Wawili hawa hawakugawana fedha, kwa hiyo si wabia kwa maana ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu. Hata hivyo mpango wao una kitu ambacho Isakari na Zabuloni hawana: elimu inayorudi nyumbani jioni. Zabuloni anapata thawabu lakini anabaki vilevile alivyo. Jirani wa Umar anapata jambo lenyewe, siku hiyohiyo, kabla halijasahaulika.

Fiqhi, ambayo kazi yake ni kugawa, iliingia katika undani zaidi, na hapo ndipo madhehebu yanapotofautiana kwa namna inayomgusa fundi moja kwa moja. Shirka ya inani ni ya watu kuchanganya mali wakafanya biashara. Shirka ya abdani ni ya watu kuchanganya kazi za mikono. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Wasunni wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yanakubali inani na kuibatilisha abdani, kwa kuwa kazi ya mtu haijulikani kiasi chake na haichanganyiki na ya mwingine kama fedha zinavyochanganyika. Imam Nawawi, aliyefariki 1277, anaeleza katika Minhaj al-Talibin kwamba faida na hasara hufuata kiasi cha mali ya kila mmoja, wawe sawa katika kazi au wazidiane. Wakishurutisha vingine, mkataba unaharibika, na kila mmoja anabaki kudai ujira wa kazi aliyoifanya katika mali ya mwenzake.

Msimamo huo husomwa kama ukali mtupu, lakini kwa anayejiandaa kusoma una unyoofu wake. Waliochanga nusu kwa nusu wakanunua vitenge na kuviuza watagawana nusu kwa nusu, hata kama mmoja hakuonekana dukani juma zima. Masomo hayapunguzi fungu, na kushinda dukani hakuliongezi. Anayeona anaelemewa ana mlango mmoja ulio wazi siku zote, kwani shirka hii ni mkataba ambao kila upande unaweza kuuvunja utakapo. Tatizo liko kwingine. Fundi akishona kitambaa alicholeta mteja, pato hilo ni ujira wa mikono na si faida ya mali, na kulichanganya na la mwenzake ndiyo abdani yenyewe. Mafundi wawili wa Tanga au Lamu wanaogawana pato la namna hiyo wanafanya, pengine bila kujua, kile ambacho madhehebu yao yanakikataa. Maisha ya mtaani yameshaiacha Minhaj nyuma katika jambo hili, na si tangu jana.

Wahanafi wanaikubali abdani, tena mifano yao ni mafundi cherehani na wapaka rangi nguo, kama anavyoitaja Marghinani, aliyefariki 1197, katika al-Hidaya. Hoja yao ni ya dhamana. Kazi aliyoipokea mmoja inawabana wote wawili mbele ya mteja. Kwa hiyo ujira ni wa wote kwa mafungu waliyopatana, hata aliyeishona awe mmoja tu. Hapo muda wa masomo unapata mahali pake bila kujidai kuwa kazi ya cherehani: aliyeko chuoni bado anadaiwa gauni la mteja, na kwa kudaiwa huko anastahili. Wamaliki nao wanairuhusu, wakitilia mkazo kwamba kazi za wabia ziwe za aina moja au zinazotegemeana.

Ibn Qudama, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki 1223, ndiye aliyekaribia zaidi suala la kutokuwepo. Wahanbali wanatumia habari ya masahaba Ibn Masud, Ammar na Saad, walioshirikiana katika watakachopata siku ya vita vya Badri. Saad akaja na mateka wawili, wenzake wakaja mikono mitupu. Kwa Ibn Qudama, mbia akiugua, pato la mwenzake linabaki la wote. Lakini yule anayefanya kazi ana haki ya kumtaka asiyekuwepo aweke mtu badala yake, na akikataa, ubia unaweza kuvunjwa. Aliyeacha kazi bila udhuru ana hukumu nyingine: huenda asishiriki kabisa katika pato la wakati huo. Sasa, masomo ni udhuru au si udhuru? Ugonjwa humjia mtu. Kozi mtu huifuata. Kwa kipimo hicho masomo yanafanana zaidi na kuacha kazi kwa hiari, isipokuwa pale mwenzake alipoyaridhia tangu mwanzo, na ridhaa hiyo ndiyo inayochukua nafasi ya udhuru. Njia hii inatatua mengi kuliko nyingine zote, kwa sababu inamwachia anayekwenda kusoma fungu lake, na inamwachia anayebaki haki ya kupata mikono ya pili kwenye cherehani iliyo wazi. Kibarua wa kupiga pasi na kutia vifungo, anayelipwa kutoka fungu la aliye chuoni, anamaliza ugomvi ambao mahubiri kumi yasingeumaliza.

Ada na nauli ni jambo la peke yake, na hukumu yake ni nyepesi kuliko ya muda. Mali ya ubia mikononi mwa mbia ni amana. Hana ruhusa kuitumia kwa haja zake bila idhini, na akiitumia anadaiwa. Kwa hiyo ule mstari wa nauli ya chuo lazima uwe na jina: ni mkopo, utakaokatwa katika fungu la aliyeuchukua, au ni zawadi ya mwenzake, isiyodaiwa tena hata wakigombana, au ni matumizi ya duka, kama uzi na mafuta ya cherehani, ikiwa wote wameona kozi ni kwa faida ya duka. Majina yote matatu ni halali. Usiokubalika ni mstari usio na jina, maana aliyeuandika huuona ni matumizi na aliyeusoma huuona ni mkopo, na kila mmoja ana hakika.

Liko bado suala la kitangulie kipi. Watu wengi huamini kwamba kusoma ni kwanza na biashara ni baadaye, na katika Uislamu kuna ushahidi wa upande huo. Umar, akiwa khalifa, anasimuliwa kutaka asiuze katika soko la Madina ila mwenye kuielewa dini yake, na Ghazali, aliyefariki 1111, aliandika katika kitabu chake cha Ihya kwamba kujua hukumu za mapatano ni wajibu wa kila anayechuma. Lakini elimu wanayoizungumzia wawili hao ni ya kujua halali na haramu ya kuuza, ambayo haingoji kozi ya miezi. Ufundi ni jambo jingine. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anaeleza kwamba yale tunayohitaji kujifunza kabla ya kuyatenda tunajifunza kwa kuyatenda. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga. Kauli hiyo inaonekana kuzunguka duara, na kila fundi anajua kwamba ni kweli.

Ikiwa hivyo ndivyo, maandalizi ya kozi yanafanyika zaidi dukani kuliko kwenye daftari la hesabu. Anayekwenda chuo baada ya miezi ya kushona vitambaa vya watu anakwenda na maswali: kwa nini kwapa la gauni hukaza mteja akinyanyua mkono, kwa nini kitenge kilichokatwa mshazari hurefuka upande mmoja baada ya kufuliwa, kwa nini suruali ya mtu mwenye kitambi hupanda mbele. Hakuyabuni kwenye kiti cha darasa. Aliletewa na wateja, na baadhi yao walikuwa wateja wa mwenzake. Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka shule ziwe pia mahali pa uzalishaji, kila shule iwe na shamba lake. Katika utekelezaji shamba mara nyingi liligeuka kuwa adhabu au kibarua cha bure, likatengana na darasa. Duka dogo la wabia wawili linaepuka kosa hilo kwa umaskini wake tu: halina nafasi ya kutenganisha.

Na hapo hesabu ya nani anamchangia nani inageuka. Mbia anayebaki amechangia maandalizi kwa maswali, kwa wateja aliowapokea, kwa vitambaa vilivyoharibiwa na mkono ambao bado unajifunza. Anayejiandaa hajiandai peke yake hata akisoma usiku. Fungu la masomo basi lina wenyewe wawili tangu kabla ya kozi kuanza, na kulitamka mapema ni kuikiri hali iliyopo. Mapatano hayahitaji wakili: kozi ni ya muda gani, siku za darasa pato litagawanywaje, nani ataweka kibarua, ada ina jina gani, na akimaliza atakaa dukani kwa muda gani. La mwisho ndilo ambalo watu huliona aibu kulitaja, hasa wakiwa ndugu au marafiki wa utotoni.

Ubia unapovunjika, vitu hugawanyika kwa urahisi. Cherehani moja kwa kila mmoja, meza inauzwa, kodi iliyobaki inahesabiwa kwa siku. Elimu haigawanyiki namna hiyo. Imekaa katika mkono wa mmoja na inaondoka naye, na hakuna kadhi wala hakimu anayeweza kuikata nusu. Hata Minhaj, iliyo hodari kwa mafungu, haina fungu la ujuzi. Kinachowezekana ni kile walichokifanya Umar na jirani yake: kuigawa wakati bado inaingia. Fundi anarudi kutoka chuoni saa kumi na moja jioni, anatandaza karatasi ya kaki juu ya meza ya kukatia, anachora kwa chaki mkono wa gauni kama ulivyochorwa ubaoni siku ile, na mwenzake anasimama pembeni na futi shingoni akifuata mstari kwa kidole. Karatasi inakatwa mara mbili. Moja inatundikwa kwenye msumari wa huyu, nyingine kwenye msumari wa yule.